Mazoezi ya Saa Kumi

Somo la kwanza la kuimba katika nyumba ile lilianza kwa kofi. Kofi lenyewe halikuwa na sababu ya maana. Fundi cherehani alikuwa amecheka na mteja mlangoni, mumewe akawakuta, akangoja mteja akate kona, kisha akamzaba mkewe kofi la uso lililompeleka mpaka kwenye kabati la vitambaa. Mwanamke akapiga ukelele. Hakuupanga, ulimtoka tu, mwembamba na mrefu, ukapenya ukuta wa matofali membamba ukafika kwa jirani.

Jirani alikuwa msusi. Sebule yake ndiyo saluni yake, na mchana wowote ungemkuta mwanamke mmoja amekaa katikati ya magoti yake na wengine wawili wakingoja zamu. Hakuwa mtu wa kutia pamba masikioni. Alikuja mbio, kitana kimechomekwa nywele­ni, akaugonga mlango kwa ngumi.

"Jirani! Kuna nini humo?"

Fundi alifungua mlango nusu. Nyuma ya mlango mumewe alikuwa amemshika nyama ya kiuno kwa vidole viwili, anaiminya taratibu, kama mtu anayejaribu unene wa kitambaa.

"Hakuna kitu, dada," alisema. Shavu lilikuwa linamwaka moto. Akamwona binti yake wa miaka kumi na mmoja amesimama kwenye kona, ameganda, na uongo ukamjia mdomoni mzimamzima. "Namfundisha mtoto kuimba. Nilikuwa namwonyesha sauti ya juu."

Msusi akashusha pumzi, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Wewe na wewe! Nikadhani mtu anachinjwa."

Akarudi kusuka. Mume alimwachia mkewe kiuno, akamtazama kwa macho ya mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. "Kumbe una akili," akamwambia.

Mtu huyo alikuwa fundi bati. Kutwa nzima alikuwa akigonga mabati, anatengeneza ndoo na mifereji, na kila jioni alisema masikio yake yamechoka, nyumbani anataka kimya. Kimya chenyewe alikileta kwa ngumi. Watu wa kazini walimpenda, tena sana, maana alikuwa na utani na hakuwa mchoyo wa chai. Hasira zake alizitunza, akazibeba salama njia nzima, akazifungua sebuleni kwake.

Kesho yake msusi aliita kupitia dirishani, "Mwanafunzi anaendeleaje?" Ikawa lazima mwanafunzi aendelee. Saa kumi ilipofika fundi akasukuma cherehani ukutani, akawasimamisha watoto wake wawili katikati ya sebule, akaanza kufundisha kweli.

Na alikuwa na vya kufundisha. Kabla ya ndoa aliimba kwaya miaka saba, mpaka mwenye ndoa aliposema mke wa mtu hasikilizwi na wanaume wengine. Miaka kumi na miwili hakuwa amefungua mdomo kwa wimbo hata akifua. Sasa vitu vyote vile vilirudi, kimoja kikivuta kingine, na furaha ikamjaa asijue aiweke wapi.

Aliwalaza watoto chali sakafuni, akawawekea kila mmoja kiatu juu ya tumbo. "Vuta pumzi. Kiatu kipande. Kifua kisipande, tumbo ndilo lipande." Mdogo, wa miaka sita, alilipandisha tumbo mpaka kiatu kikaanguka kikampiga dada yake puani, na tangu siku hiyo akaitwa Kitumbo. Dada mtu alikuwa na jina lake la siku nyingi, Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hakupumzika tangu hapo. Kisha akawasimamisha. Alikuwa na utepe wa kupimia, ule wa manjano aliouvaa shingoni kutwa, akamzungushia Chiriku mbavuni. "Utepe usogee, mabega yasisogee. Sasa toa hewa kidogokidogo, sss, nahesabu mpaka ishirini." Akawafundisha kutetemesha midomo, brrr, kama lori linalopanda mlima, ili mdomo ulegee. Akawafundisha kupima mdomo kwa vidole viwili: vikiingia kwa kusimama, mdomo umefunguka vya kutosha, visipoingia, unaimbia meno yako. Mwisho akawafundisha king'ora, sauti inayoanzia chini ikapanda polepole hadi juu kabisa, kisha ikashuka ilikotoka bila kukatika.

Chiriku alikuwa na sauti. Mama mtu alijua siku ya tatu, akageukia dirishani akajifanya anatafuta sindano, maana machozi yalikuwa yamemjaa. Alikuwa mtoto wa kufika mbali, huyu. Ukutani, wanawake wa saluni walikuwa wameanza kuitikia.

Baada ya wiki mbili mume alirudi amevimba kwa hasira. Mteja alikuwa amemrudishia ndoo tatu zinazovuja, mbele ya wenzake. Alivua mkanda akiwa bado mlangoni.

"Waanzishe watoto," alisema.

Mkewe hakuelewa.

"Si mnafanya mazoezi? Waanzishe. Ile ya king'ora. Kwa sauti." Akamshika mkewe mkono juu ya kiwiko, akamsukuma chumbani, akafunga mlango.

Watoto wakaimba. Nani alikuwa amewafundisha kukataa? Chiriku alipandisha, Kitumbo akafuata, juu, juu zaidi, na kila walipofika juu mama yao naye alikuwa juu nyuma ya mlango, kwa sababu mkanda ulikuwa wa ngozi nene na mume alipiga kwa upande wenye chuma. Sauti tatu zikapita ukutani zimeshikana. Upande wa pili wanawake wakapiga makofi, mmoja akapaza sauti, "Leo mmepanda!"

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Siku nyingi zilikuwa za mazoezi matupu, viatu juu ya matumbo na vicheko. Kisha ingekuja siku ambayo baba angeingia akasema neno moja, "Imbeni," na watoto wangesimama wakakodoa macho ukutani wakaimba mpaka aseme basi. Alikuwa mwangalifu. Hakugusa uso tena. Alipiga mgongo, mapaja, mbavu, na mara moja alimkanyaga vidole vya mguu kwa buti, kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti ya chini mpaka tano. Fundi alijishonea magauni ya mikono mirefu na kola za juu, wateja wakamsifia mtindo, wawili wakaagiza ya kwao. Akawashonea. Alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni, na aibu aliiogopa kuliko mkanda. Mkanda ulikuwa na mwisho wake. Aibu, aliamini, ingekaa naye mtaani mpaka azikwe.

Jioni za namna hiyo, akijikanda kwa maji ya chumvi, aliwaambia watoto, "Mmeimba vizuri. Mkiimba hivyo anachoka haraka."

Kitumbo aliamini. Chiriku aliuliza, "Mama, tukiimba ndiyo hawasikii?"

"Hawasikii nini?"

"Wewe."

Fundi aliinama akaendelea kukamua kitambaa. Jibu alilokuwa nalo lilimchoma ndani kuliko chumvi: kwamba amechukua kitu pekee kizuri alichojaliwa, akakifanya shuka la kufunikia maiti yake mwenyewe, tena watoto ndio wanaolishika pembe.

Lakini saa kumi ilipofika tena alifundisha, kwa sababu saa ile ilikuwa imebaki yake. Siku hiyo aliwafundisha kutupa sauti. "Si kupiga kelele," aliwaambia. "Kelele inaishia hapo mlangoni. Chagua mtu wa mbali, mwone kichwani, halafu mpelekee. Tena kila neno limfikie na mkia wake, asije akalazimika kukisia."

"Mtu gani?" Kitumbo akauliza.

"Yeyote. Haya, mpelekee msusi."

Kitumbo alishika tumbo. Akavuta pumzi, akapima mdomo kwa vidole viwili, akavitoa, akaukabili ukuta. "Shi-ka-mo-o!"

Kisha kutoka upande wa pili, wazi kabisa, kama mtu aliyekaa chumba hichohicho: "Marahaba, mwanangu!"

Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Fundi alicheka nao, halafu kicheko kikamkauka. Maneno yanafika. King'ora ni king'ora, kila mtu atakidhania anachotaka, lakini neno likitoka ndani ya nyumba hii linafika kwa msusi na herufi zake zote. Mwingine angeliona hilo ni mlango. Yeye aliona ufa.

"Basi," alisema. "Maneno tutajifunza mkikua. Kwa sasa ni aaa tu. Mmenisikia? Aaa tu."

Chiriku alikuwa bado anautazama ukuta.

Siku ilipofika, ilifika mapema. Fundi bati alirudi saa kumi na robo, watoto wakiwa bado wanatetemesha midomo. Msimamizi alikuwa amempa mwingine kazi ya mifereji ya jengo jipya, kazi aliyojisifia nayo mwezi mzima. Aliingia, akapiga teke kiatu kilichokuwa sakafuni, akaanza kufungua mkanda.

"Imbeni."

Kitumbo alivuta pumzi. Chiriku alimshika mdogo wake bega.

"Hatuimbi," alisema.

Baba yake alimtazama kana kwamba ndoo imesema. "Umesemaje?"

"Hatuimbi, Baba. Leo hatuimbi."

"Imba, mwanangu," mama akasema haraka. Sauti yake mwenyewe ilimchukiza. "Imba tu, imba kidogo."

"Hapana, Mama."

Mkanda haukungoja chumbani. Ulimkuta Chiriku shingoni na chuma kikampasua nyuma ya sikio, na alipogeuka kukimbia baba yake akamdaka nywele, akamrusha. Mtoto aligonga cherehani kwa paji la uso. Mlio ulikuwa mkavu. Alianguka na kiti, damu ikamwagika juu ya kitambaa cheupe cha gauni la mteja, ikapanuka upesi, na yule mtu akamfuata, buti limeinuliwa.

Fundi hakukumbuka baadaye aliutwaa mkasi saa ngapi. Ulikuwa mkasi wa kukatia nguo nzito, wenye ncha ndefu, na aliuingiza kwenye mkono wa mumewe juu ya kiwiko kwa nguvu zake zote, mpaka akasikia unagusa kitu kigumu. Mwanaume akanguruma. Wakati huohuo mwanamke akapiga ukelele, mkubwa kuliko wote aliowahi kupiga katika nyumba ile, unatoka tumboni, mdomo wazi, mabega chini. Aliupeleka kwa msusi. Aliupeleka kwa mtaa mzima. Miaka saba ya kwaya ilikuwa ndani yake.

Upande wa pili wa ukuta wakapiga makofi.

"Haya mama!" sauti ya msusi ikaita kwa furaha. "Leo mwalimu mwenyewe!"

Hapo ndipo fundi alipojua kwamba atakufa, na kwamba amejiua mwenyewe, kidogokidogo, kila saa kumi. Alitaka kusema neno. Akafungua mdomo aliseme. Lakini utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake kama kawaida, ncha mbili zikining'inia kifuani, na mumewe alizikamata zote mbili, akazipishanisha, akavuta.

Neno likaishia kooni. Mke alimpiga mateke, akamkwaruza macho, akamshika pale mkasi ulipokuwa bado umesimama akauzungusha. Damu yake ya moto ikamtiririkia mwanamke kifuani, wala mume hakulegeza. Alimsukuma mpaka ukutani, ukuta uleule, akakibamiza kichwa chake hapo, mara mbili, mara tatu, na kwa msusi wakadhani ni ngoma, wakaitikia kwa kugonga. Kitu pekee alichokiona mwanamke vizuri kilikuwa namba za utepe, nyeusi juu ya manjano, karibu kabisa na jicho lake.

Kisha akamwona Kitumbo.

Kitumbo alikuwa amepanda juu ya kiti dirishani. Suruali yake ilikuwa imelowa. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika tumbo. Tumbo likapanda. Mabega hayakupanda. Akapeleka vidole viwili mdomoni, vikaingia kwa kusimama, akavitoa, akageuza uso upande wa saluni.

"Si ma-zo-e-zi!"

Neno lilitoka na mkia wake. Baba yake aligeuza kichwa.

"Si ma-zo-e-zi! Ba-ba a-na-mu-u-a Ma-ma!"

Ukutani kugonga kukakatika ghafla. Mwanaume akaachia ncha moja ya utepe ili amrukie mtoto, na mtoto, akimwona anakuja, hakukimbia wala hakupayuka. Alivuta pumzi nyingine.

"Si ma-zo-e-zi! Ba-ba a-na..."

Kofi lilimng'oa kitini, akaangukia chini ya dirisha. Lakini mlango ulikuwa tayari unalia. Liliingia bega la msusi kwanza, kisha msusi mwenyewe, na nyuma yake wanawake watatu, mmoja nywele zake zimesukwa nusu na nusu nyingine zimesimama wima. Walichokiona kiliwatosha. Hawakuuliza. Msusi alimkamata fundi bati masikio kwa mikono iliyozoea kuvuta nywele kutwa, akamburuta chini. Wa nywele nusu akamshukia na kigoda cha saluni, mgongoni, mabegani, kwenye magoti, akitukana kila pigo. Mwingine akachukua kiatu kilichokuwa cha somo la pumzi akampiga nacho usoni mpaka pua ikalala upande. Alilia. Yule mtu wa utani na chai alilia akaomba asamehewe, akawaita mama zangu, nao wakaendelea mpaka walipochoka. Askari walipofika walimkuta amefungwa mikono kwa mkanda wake mwenyewe, msusi amemkalia, anahema.

Kesho yake, saa kumi, nyumba ilikuwa kimya. Chiriku alikuwa amelala mkekani, nyuzi saba kwenye paji la uso, na Kitumbo, shavu limevimba kama andazi, alikuwa amemlalia miguuni. Fundi cherehani aliketi kitini. Daktari alisema koo limeumia, asiseme kwa wiki mbili, na baada ya hapo itajulikana kama sauti itarudi yote au nusu. Msusi alikuwa amefunga saluni. Alichovya kitambaa kwenye maji ya baridi, akakikamua, akamzungushia jirani yake shingoni, polepole, juu ya ule mstari wa zambarau.

"Mwenzangu," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nisamehe nikikuuliza. Hili la kupigwa sisi tukidhani mnaimba lilianza lini?"

Fundi alitikisa kichwa, akagusa koo kumwonyesha kwamba amekatazwa. Msusi akasubiri. Akasubiri mpaka ikaonekana hataondoka.

Mwanamke akavuta pumzi, tumboni, mabega chini, na maneno yakatoka bila sauti, hewa tupu, lakini kila moja na mkia wake.

"Siku ya zoezi la kwanza. Ulipogonga mlango."

Msusi alikaa. Nje watu walipita, mtu akacheka, baiskeli ikapiga kengele. Taratibu aliigeuza mikono yake, akavitazama viganja vilivyopiga makofi miezi yote ile, kisha akavificha chini ya aproni.